"Unawe mpaka ndani": kuchunguza shauri moja la wakubwa juu ya harufu ya kisha mwezi

Kati ya desturi zetu za Katanga, ile ya kumweka msichana pamoja na wamama wakubwa mbele ya kuolewa inasifiwa sana. Watu wamekwisha kuandika juu ya nyimbo zake, ngoma, ushanga, chakula na heshima kwa wakwe. Mimi nitaandika juu ya neno moja linalosemwa pale ndani, mlango ukiwa umefungwa, neno ambalo hakuna mtu analikosoa kwa sababu linatoka katika kinywa cha mkubwa. Ni shauri hili: "Ukisha kumaliza mwezi, unawe mpaka mu ndani, bwana yako asisikie arufu."

Najua kwamba wasomaji wengine watataka kufunga kitabu wakifika hapa. Watasema haya si maneno ya kuandika, tena mwalimu! Lakini jambo linalosemwa katika nyumba nyingi na kufanywa na wamama wengi kila mwezi si siri tena. Ni fundisho. Na sisi tunaopenda kusema kwamba desturi zetu ni shule, tukubali pia kwamba shule inakaguliwa. Mwalimu wa sekondari akifundisha jambo lisilo la kweli, inspekteri anamwandikia katika daftari lake. Kwa nini fundisho la chumba cha ndani lisisomwe kwa jicho lilelile? Mimi ni mama na ninafundisha biolojia. Nitajaribu kulisoma kwa heshima, lakini bila kufumba macho.

1. Shule yenye mlango uliofungwa

Wabemba, pande zote mbili za mpaka wa Congo na Zambia, wanaita desturi ya kumkomaza msichana chisungu. Wamama wanaoiongoza wanaitwa banachimbusa. Mwaka 1931 mwanamke mmoja Mwingereza, Audrey Richards, alikaa katika kijiji cha Wabemba, upande ule ambao zamani uliitwa Rodezia ya Kaskazini, akatazama chisungu moja tangu mwanzo hadi mwisho. Ilipita wiki 3. Kitabu chake, chenye jina la desturi yenyewe, kilitoka mwaka 1956. Humo anaeleza vitu vya udongo vinavyoitwa mbusa, nyimbo zinazokwenda pamoja navyo, na kazi za kila siku ya ngoma.

Richards aliandika pia jambo moja linalotufaa leo. Aliona kwamba wale wasichana walikwisha kujua kupika, kulima na kuchota maji. Ngoma haikuwafundisha kazi hizo. Iliwapa majina na maana za vitu vya siri, ilitangaza wajibu wao mbele ya wanawake wenzao, na iliwavusha katika hatari ambayo watu waliiona katika damu ya kwanza. Kwa maneno mengine, chisungu ilikuwa kazi ya kumpa mtoto fasi yake kati ya wamama. Hiyo ndiyo nguvu yake, na tusiisahau tunapokosoa.

Nasifu mambo matatu. La kwanza, msichana hakuachwa peke yake na damu yake. Wamama walijua, waliimba, walimzunguka. Leo watoto wengi wanaona damu ya kwanza darasani au njiani, wanafikiri wameumia, wanajifunga sweta kiunoni na kukimbia nyumbani. La pili, kulikuwa na watu waliochaguliwa wa kuuliza: nachimbusa anajulikana, nyumba yake inajulikana. La tatu, kulikuwa na lugha. Mwanamke aliweza kumwambia bwana yake habari za mwili bila kutumia neno hata moja: ushanga mwekundu kitandani, maana yake niko katika mwezi, ushanga mweupe, mwezi umekwisha. Bwana aliona, akaelewa, akanyamaza. Ndoa ngapi za leo zina lugha safi kama hiyo?

Lakini katika shule hiyohiyo kulikuwa na fundisho lingine. Kati ya Wabemba na jirani zao wengi, mwanamke aliye katika mwezi alikatazwa kutia chumvi katika mboga na kushika moto wa kupikia. Wengine wanatetea wakisema kwamba ilimpa mapumziko. Inawezekana kabisa, maana mwanamke aliyelima tangu asubuhi alistahili siku chache bila chungu. Hata hivyo, ile sheria iliacha alama katika mawazo: kwamba mwezi unaharibu vitu. Na kutoka "mwezi unaharibu chumvi" mpaka "mwezi umekuchafua, ujisugue", njia ni fupi sana.

2. Shauri lenyewe linasema nini?

Tulichukue lile shauri kama mwalimu anavyochukua sentensi ubaoni. Ndani yake kuna mambo manne.

Kwanza, harufu inayosikika kisha mwezi ni uchafu uliobaki. Pili, uchafu huo unatoka kwa kunawa ndani. Tatu, mwanamke mzuri ni yule mkavu. Maji ya mwili wake ni aibu. Nne, na hili halisemwi kwa sauti lakini kila mtu analisikia, harufu ni kosa la mwanamke, na bwana akikimbia kitanda asilaumiwe.

Kiisha zinafuata dawa. Mmoja anashauri sabuni ya kufulia na vidole viwili. Mwingine anashauri maji ya ndimu, au chumvi, au jiwe la aluni lililosagwa. Wengine wanaweka tumbako, majani yaliyokaushwa, hata dawa ya meno "juu inaleta baridi". Wengine wanapangusa ndani kwa kitambaa mpaka pawe pakavu. Desturi ya kukausha haiko ya Katanga peke yake. Uchunguzi uliotolewa mwaka 1993 juu ya nchi yetu, wakati ule ikiitwa Zaire, ulieleza namna wanawake walivyotumia majani, unga na vitambaa ili wawe wakavu na wenye kubana, na watungaji wake waliuliza tayari kama hiyo haifungui njia kwa virusi vya ukimwi. Zaidi ya miaka 30 imepita. Swali lao halijafika katika chumba cha bibi arusi.

3. Mwili unasema nini?

Hapa naomba msomaji anivumilie kidogo, sawa vile wanafunzi wangu wanavyonivumilia.

Uke, yaani njia ya mtoto, unajisafisha wenyewe. Maji yanayotoka kila siku, meupe au yasiyo na rangi, ndiyo kazi hiyo ya kusafisha. Ndani yake wanaishi vijidudu vyema. Daktari Mjerumani Albert Döderlein alivieleza mwaka 1892. Vinakula sukari ya ngozi ya uke na kutoa asidi, ileile inayofanya maziwa kuwa makali yakiganda. Kwa sababu ya asidi hiyo, kipimo cha pH katika uke wenye afya kinakuwa kati ya 3,8 na 4,5. Vijidudu vingi vibaya haviwezi kusitawi katika ukali huo. Ni kama ua linalozunguka nyumba.

Sasa tazama mwezi. Damu ina pH ya karibu 7,4. Inapopita kwa siku 4 au 5, inapunguza ule ukali. Ua linalegea. Siku chache baadaye vijidudu vyema vinarudi kwa wingi na ukali unarudi. Kwa hiyo harufu kidogo ya damu, kama ya chuma, siku za mwisho za mwezi na siku moja au mbili zinazofuata, ni jambo la kawaida. Inaondoka yenyewe. Haiko ugonjwa, wala uchafu, wala laana.

Kuna harufu nyingine: ile inayofanana na samaki, inayodumu, pamoja na maji mepesi yenye rangi ya majivu. Hiyo mara nyingi inaonyesha kwamba vijidudu vyema vimepungua sana na vingine vimechukua fasi yao. Wanganga wanaita hali hiyo vajinozi ya bakteria. Wale vijidudu wapya wanatoa vitu vyenye harufu, na vitu hivyo vinaruka hewani zaidi pale ukali unapopungua. Ndiyo sababu mwanamke anasikia harufu hasa kisha mwezi, na pia kisha kulala na bwana, maana mbegu za mwanaume nazo hazina ukali. Hakuna fumbo hapo. Duniani, karibu mwanamke 1 kati ya 4 walio katika umri wa kuzaa ana hali hiyo, na wengi hawasikii dalili yoyote.

Sasa turudi kwenye shauri letu. Sabuni ya mche ina pH ya karibu 9 au 10. Mwanamke anayesikia harufu kwa sababu ukali umepungua anaingiza ndani kitu kinachoua ukali uliobaki. Siku ya kwanza harufu ya sabuni inafunika, anafurahi. Siku ya tatu harufu inarudi, pengine na nguvu zaidi. Anafanya nini? Ananawa tena, mara mbili kwa siku, anaongeza ndimu. Ndimu ni kali, mtu atasema, basi inasaidia! Hapana. Ndimu inachoma ngozi laini na kuikwaruza, na hairudishi vile vijidudu vyema. Tumbako na aluni vinakausha na kupasua. Kitambaa kinachubua. Mwanamke anaendelea kuamini kwamba hajanawa vya kutosha, kumbe kunawa ndiko kunakomrudisha kila mara pale alipoanzia.

Ndiyo sababu nasema kwamba kosa la shauri hili ni kosa la msingi. Ni kama mtu anayeona moshi jikoni akaongeza kuni.

4. Ni la wakubwa kweli?

Nikisema haya, wamama wengine wananijibu: "Mwalimu, unatukana bakambo." Jibu hilo linanigusa, kwa hiyo nalijibu polepole.

Tuulize kwanza: ni sehemu gani ya shauri hili iliyotoka kwa bakambo? Kambo hakuwa na dawa ya meno. Hakuwa na sabuni ya mche yenye marashi, wala chupa ya dawa ya kuua vijidudu kutoka famasi, wala zile sabuni za "sehemu za siri" zinazopita mpakani Kasumbalesa katika katoni na kuuzwa sokoni zikiwa na picha ya maua. Vitu hivi ni vipya. Vimeingia katika desturi kama mgeni anayeingia arusini bila kualikwa, akakaa kwenye kiti cha mbele, na leo watu wanafikiri ni ndugu wa damu.

Tuulize pili: nani alifupisha shule? Ile chisungu ya mwaka 1931 ilichukua wiki 3. Ya mjini leo, mara nyingi, ni Jumamosi moja mchana, pamoja na muziki, vinywaji na zawadi za sufuria. Mahali ambapo kulikuwa na nyimbo nyingi na vitu vya udongo vingi, kila kimoja na maana yake, kumebaki mambo mawili: namna ya kumpendeza bwana kitandani, na namna ya kuficha mwili usimchukize. Ukikata mti ukaacha tawi moja tu, usishangae likivunjika ukilikalia. Wanaosema wanalinda desturi mara nyingi wanalinda kipande kidogo kilichobaki, tena kile kilichochanganyika zaidi na biashara.

Lakini nisiwaonee wamama wa sasa peke yao ili niwasafishe wa zamani. Wazo la kwamba damu ya mwezi inaharibu ni la zamani kweli, na ukavu pia unapendwa katika sehemu nyingi tangu zamani. Hapo bakambo walikosea, kama vile walivyokosea katika mambo mengine, na sisi pia tutakosolewa na wajukuu wetu. Kuheshimu mkubwa ni kuchukua mzigo wake na kuutengeneza, ili mtoto asiumie mgongo akiubeba.

Na shule yangu, ile ya madawati, nayo ina deni. Kitabu cha biolojia kinachora kizazi, mirija na mayai kwa mishale mizuri. Mwanafunzi anaweza kupata 16 kwa 20 katika mtihani, na bado asijue kama maji meupe katika chupi yake ni ugonjwa. Somo la Elimu ya Maisha lipo katika mpango, lakini walimu wengi wanaruka ukurasa huo kwa haya, au wanaume wanamwachia mwalimu mwanamke, ambaye pengine hayupo. Mtoto akitoka hapo bila jibu, atalichukua kwa muuza dawa wa njiani. Kwa hiyo nikikosoa chumba cha ndani, sikisifu chumba cha darasa.

5. Nani analipa?

Msomaji mwanaume anaweza kusema: haya ni mambo madogo ya wanawake, yanaumiza nani? Yanaumiza.

Mwaka 2011 wachunguzi waliweka pamoja habari za uchunguzi 13 uliofanywa katika Afrika kusini ya Sahara, jumla wanawake 14.874, waliofuatwa kwa muda. Kati yao 791 walipata virusi vya ukimwi katika muda huo. Kisha kuhesabu tofauti nyingine za maisha yao, iliyoonekana ni hii: waliopangusa ndani kwa kitambaa au karatasi walikuwa na hatari iliyozidi kwa asilimia 47; walioingiza vitu vya kukausha au kubana, asilimia 31; waliosafisha ndani kwa sabuni, asilimia 24. Wale ambao vijidudu vyao vyema vilikuwa vimeharibika nao walipatwa zaidi. Kwa mwanamke mwenye mimba, hali hiyo ya vajinozi inaongeza hatari ya kuzaa mbele ya wakati. Basi shauri linalotolewa ili kulinda ndoa linaweza kufungua mlango kwa mambo yanayoibomoa nyumba.

Kuna pia bei isiyohesabiwa kwa tarakimu. Bibi anayesikia harufu anaanza kulala amegeuka. Bwana anaona amekataliwa, au yeye ndiye anasema neno moja la ukali. Wakwe wanaanza kunong'ona: "Uyu mwanamuke iko muchafu," au mbaya zaidi, "anatembea." Wengine wanarudishwa kwao. Hapa inafaa kusema waziwazi: harufu haiko ushahidi wa uzinzi. Vajinozi inampata pia mwanamke mwenye bwana mmoja tu tangu siku ya ndoa. Na ule ugonjwa mwingine wa trikomonasi, unaoleta maji ya manjano au ya kijani yenye povu na harufu, unaambukizwa kwa kulala pamoja, lakini unaweza kukaa muda mrefu ndani ya mwanaume bila yeye kusikia kitu. Anayeonekana mgonjwa pengine siye aliyeleta ugonjwa.

Na kuna habari mpya ambayo wanaume wa Katanga, na wa sehemu zote, wanapaswa kuisikia. Miaka mingi wanganga walimtibu mwanamke peke yake, na zaidi ya nusu ya wanawake walirudi na harufu ileile mbele ya mwaka kwisha. Mwaka 2025 wachunguzi wa Australia walitoa matokeo ya kutibu bibi na bwana pamoja. Watu wawili wawili 164 walishiriki. Pale alipotibiwa mwanamke tu, kisha wiki 12 ugonjwa ulikuwa umerudi kwa asilimia 63 yao. Pale bwana naye alipomeza vidonge na kupaka dawa kwa siku 7, ulirudi kwa asilimia 35. Ni kusema, vijidudu vile vinakaa pia kwa bwana. Yule aliyekuwa akiziba pua alikuwa sehemu ya harufu. Hebu fikiri ni bibi wangapi wamenawa mpaka kutoka damu, wakitafuta ndani ya mwili wao kitu kilichokuwa kinarudi kutoka upande mwingine wa kitanda!

Mwishoni, wasichana wa shule. Mtoto anayeambiwa kwamba mwezi ni uchafu anaficha kitambaa chake. Anakifua usiku, maji yakiwa haba, anakianika chini ya godoro ili baba na kaka wasikione. Kinabaki na unyevu, kinashika harufu, na kesho anakivaa tena. Darasani anachagua kiti cha nyuma kabisa karibu na dirisha, au anakosa siku 2 au 3 kila mwezi. Tangu mwaka 2014 dunia inafanya Siku ya Usafi wa Hedhi tarehe 28 Mei, na hotuba zinatolewa. Lakini jua ni la bure na liko kila siku. Kinachomzuia mtoto kukianika kitambaa juani ni aibu ambayo sisi wakubwa tumemfundisha.

6. Tusahihishe nini, tuache nini?

Mwalimu akiweka mstari mwekundu chini ya kosa, inafaa aandike jibu pembeni. Mimi sitaki chumba cha ndani kifungwe. Nataka kibaki, na nachimbusa abaki na kiti chake, maana msichana anamsikiliza kuliko anavyonisikiliza mimi. Ninaomba abadilishe maneno ya fundisho hili moja.

Amwambie msichana kwamba anawe nje tu, kwa maji safi, na kama anatumia sabuni iwe kidogo, laini, na isiingie ndani. Ndani aache mwili ufanye kazi yake. Siku za mwezi abadilishe kitambaa au kotex kila baada ya saa 4 mpaka 8, hata kama damu ni kidogo. Kitambaa kifuliwe kwa sabuni na maji safi, kianikwe juani mpaka kikauke kabisa. Kama anaona aibu, aweke kitambaa chepesi juu yake, jua litapita.

Amfundishe kutofautisha, kama vile bakambo walivyofundisha kutofautisha uyoga wa kula na uyoga wa sumu. Harufu ndogo inayopita yenyewe: aiache. Harufu ya samaki inayodumu, maji ya manjano au ya kijani, kuwashwa sana, maji mazito meupe kama maziwa yaliyoganda: aende kituo cha afya. Harufu ya kuoza yenye nguvu, ya ghafla: pengine kipande cha pamba au kitambaa kimesahauliwa ndani, kinaomba kutolewa upesi. Harufu pamoja na homa, maumivu ya tumbo la chini, au kisha kuzaa: asingoje kesho. Damu kisha kulala na bwana, au damu kwa mama ambaye mwezi wake ulikwisha kukoma, pamoja na maji yenye harufu: aende kupimwa mlango wa kizazi, maana kansa inaweza kuanza hivyo. Mkojo unaotoka wenyewe kisha kuzaa kwa shida: hiyo ni fistula, na inapasuliwa ikapona. Wamama wengi wamefungiwa nyuma ya nyumba kwa sababu ya harufu hiyo, wakati walihitaji munganga tu.

Amwambie pia kuhusu dawa. Kwa vajinozi na kwa trikomonasi wanganga wanatoa metronidazoli, kwa kawaida kwa siku 7. Kununua vidonge 4 njiani na kumeza mpaka harufu ipungue siyo kutibiwa, na magonjwa mengine hayasikii dawa hiyo kabisa. Kwa trikomonasi bwana anapaswa kutibiwa siku zilezile, na kwa vajinozi inayorudi-rudi waulize munganga wote wawili.

Halafu kuna fundisho linalobaki, na hili ni la wanaume. Sisi tunamweka msichana chumbani, lakini kijana anayeoa anafundishwa na nani? Wayomba wanampa mashauri juu ya mahari, juu ya kazi, juu ya kutopiga bibi mbele ya watoto, kana kwamba nyuma yao inaruhusiwa! Juu ya mwili wa mwanamke hawamwambii kitu. Anaingia katika ndoa akifikiri kwamba mwanamke ananukia marashi kila siku ya mwezi, na siku anaposikia harufu ya mtu mzima anafikiri amedanganywa. Kijana huyo naye anahitaji Jumamosi yake. Zamani ushanga mwekundu na mweupe ulimfundisha mwanaume kusoma mwezi wa bibi yake na kutulia. Huo ndio urithi ninaotaka tuufufue: bwana anayejua, asiyecheka, na anayesema "twende wote kwa munganga."

Vyama vyetu vya utamaduni vinaalika wapiga ngoma, wazee na wapishi. Pale vinapotayarisha siku ya wasichana, vimwalike pia mkunga wa kituo cha afya cha karibu, akae saa moja kando ya nachimbusa, wajibu maswali pamoja. Mkunga ataleta vipimo, nachimbusa ataleta wimbo. Kwa hapa Lubumbashi haitagharimu zaidi ya soda moja na usafiri wa kurudi.